Matangi Yetu Kumi na Tisa

Behewa la kwanza la treni nililoliona maishani mwangu lilikuwa limekaa kwenye kiganja cha mzee wa Kizungu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kombaini za kuvunia katika karakana ya shamba la ngano la serikali, kule uwanda wa Basotu. Treni yenyewe sikuwahi kuiona. Nilikozaliwa, Masieda, upande wa Mbulu, hakuna reli, na huku Hanang hakuna pia. Tulikuwa tunasikia tu kwamba ngano yetu, ikishasombwa na malori, huko mbele ya safari inapandishwa treni.

Yule mzee alikuwa mtaalamu kutoka Kanada, ameletwa kutufundisha kutengeneza mashine. Alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza, na hakupenda kazi ya ovyo. Ukifunga nati vibaya haongei, anaifungua mwenyewe na kuiweka mkononi mwako. Jumamosi moja mchana aliniita nyumbani kwake nikamtazamie bomba la maji lililokuwa linavuja. Nilipomaliza akanipeleka chumba cha nyuma. Juu ya meza ndefu kulikuwa na reli ndogo imezunguka, na juu ya reli mabehewa saba, kila moja urefu wa kiganja changu. Yote saba yalikuwa ya matangi.

"Kwa nini matangi tu?" nikamuuliza.

"Baba yangu," akasema. "Kazi yake kujaza mafuta. Matangi kama haya. Mpaka anazeeka."

Akachukua moja akanionyesha ngazi ya ubavuni. Ilivyotoka kiwandani, ngazi ile ilikuwa imegandana na tangi kama mshipa uliovimba. Usingeweza kupitisha hata uzi nyuma yake.

"Hii ngazi uongo," akasema. Akachukua behewa jingine. Hilo alikuwa ameikwangua ngazi ya plastiki kwa wembe mpaka tangi likawa laini, kisha akaweka ngazi ya waya, vipandio vyote vimesimama mbali na tangi, na mwanga unapita katikati. "Hii kweli. Hii mtu anapanda."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila Jumamosi nikimaliza zamu nilikwenda kwake. Alinifundisha kutoa magurudumu ya plastiki na kuweka ya chuma, ili behewa liteleze bila kuyumba. Alinifundisha kufungua tumbo la tangi na kugundisha nati ndani, kwa sababu behewa jepesi huruka reli kwenye kona. Alinifundisha kulichafua pia, jambo lililonichekesha kweli: behewa jipya linang'aa, na mtu mzima anakaa analipaka masizi mpaka lionekane limefanya kazi miaka mingi.

Mkataba wake ulipoisha alinipa mabehewa yote saba, vipande vya reli, na vifaa vyake: kibanio cha ncha nyembamba, visu vidogo, tupa, brashi. Akaniambia nikiyatunza atanitumia mengine. Nilibeba boksi lile kichwani, nikapita mbele ya nyumba za wafanyakazi, na kila mtu alidhani nimepewa redio.

Wakati huo nilikuwa nimeoa, mwaka mmoja tu. Mke wangu alitoka Gitting, chini ya mlima, kwenye familia ya wakulima kama yetu. Nilimfahamu wakati wa mavuno. Walikuja wasichana wengi kushona midomo ya magunia, na yeye alikuwa akishona kwa kasi ambayo wabebaji walishindwa kuifuata. Gunia linafungwa kabla mtu hajarudi kuchukua lingine. Tulifunga ndoa kanisani kwao, mvua ikinyesha, na baba yake akasema mvua ni dalili njema.

Nilipofungua boksi mezani alisimama akaangalia, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo zawadi ya kuagana?" akasema. "Si angekupa baiskeli?"

Nikamweleza habari ya ngazi. Nikakaa kumwonyesha, nikakata waya, nikavunja ngazi ya kwanza. Nikavunja ya pili. Vidole vyangu vilikuwa vya spana, si vya kazi ile. Nilipovunja ya tatu alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akaninyang'anya kibanio.

"Nipe."

Hakutumia lehemu kama alivyofanya mzee. Alifunga kila kipandio kwa fundo lile lile la kushonea magunia, ila dogo sana, kwa waya mwembamba kama unywele, halafu ndipo akaniambia niguse kila fundo kwa tone la lehemu. Ngazi ilisimama imenyooka. Akapitisha sindano nyuma yake, ikatokea upande wa pili, akacheka.

Tangu siku hiyo kazi ilikuwa yetu wawili. Jumapili baada ya ibada tulikula, tukatoa vyombo, tukaweka meza karibu na dirisha. Nje ya dirisha ilikuwa ngano mpaka macho yachoke, na mlima Hanang nyuma yake. Waya tulitoa kwenye dainamo zilizoungua karakana. Njia ya kutembelea juu ya tangi tulikata kwenye chujio la chai lililotoboka. Mipira ya breki tulitengeneza kwa ngozi ya waya wa umeme. Brashi ya mzee ilipoisha mke wangu alitengeneza nyingine kwa nywele za mkia wa ndama. Vumbi la kupaka tulichota mlangoni. Halikukosekana hata siku moja. Mabehewa mawili tuliyaunda wenyewe kuanzia mwanzo, tangi likiwa maganda ya betri za tochi yaliyounganishwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka usione kiungo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibarabaig aliyetuletea maziwa asubuhi. Malisho ya kwao ndiyo yaliyokuwa yamelimwa ngano, na alikuwa akizunguka mbali sana kutufikia, kwa sababu njia ya mkato ilipita shambani na walinzi hawakuruhusu. Alisimama mlangoni, bangili zimejaa mikononi, akayaangalia matangi.

"Yanabeba nini?"

"Mafuta, mama," mke wangu akasema.

"Ya maziwa hakuna?"

Mke wangu alifikiri jambo hilo siku nzima. Jumapili iliyofuata tangi moja la maganda ya betri likapakwa rangi nyeupe. Yule mama alipoonyeshwa aliligusa kwa kidole, akasema ni dogo, halitoshi hata paka. Lakini alifurahi, na tangu hapo alikuwa akiliulizia.

Miaka ikapita, na sisi hatukupata mtoto.

Kwa watu wetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mtoto wake. Kwa mke wangu hapakuwa na pa kuanzia. Majirani walijaribu kumwita shemeji, wakajaribu kumwita mama mdogo, halafu mmoja, kwa utani, akamwita Mama Matangi. Likashika. Walimwita hivyo bombani, walimwita hivyo kanisani. Aliitikia. Mimi nikawa Baba Matangi, na karakana nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao. Sikuwahi kumuuliza kama yeye lilimchekesha.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu aliniaga kwamba anakwenda kumsalimia shangazi yake aliyekuwa akiumwa. Alikaa siku nne. Siku aliyorudi ilikuwa ndiyo siku nilipopokea mzigo wa kwanza kutoka Kanada. Dereva wa shamba alikuwa ameuchukua posta Katesh, na mimi sikusubiri hata kunawa grisi. Ndani kulikuwa na mabehewa manne na pakiti ya magurudumu ya chuma, ya kutosha mabehewa yote tuliyokuwa nayo. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimezungukwa na makaratasi, mke wangu alipoingia na kikapu chake.

"Njoo uone!" nikamwambia. "Tazama haya magurudumu! Shika, sikia uzito wake!"

Alisimama kidogo pale mlangoni. Nakumbuka alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaweka kikapu chini, akaja, akapiga magoti karibu yangu.

"Shangazi anaendeleaje?" nikamuuliza, nikiwa tayari nimerudisha macho kwenye boksi.

"Anaendelea vizuri," akasema.

Tulibadilisha magurudumu ya mabehewa yote jioni ile ile. Mimi nilidhani ile ndiyo siku ya furaha kuliko zote katika nyumba yetu.

Baadaye mzee alituma mengine matatu. Mawili niliyapata Arusha kwenye lundo la mitumba, yamevunjika, nilipokwenda kufuata vipuri. Moja aliniachia mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Yakawa kumi na tisa. Nilitengeneza rafu ndefu ukutani, sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine zilikuwa na picha za watoto siku ya ubatizo. Nayasema haya leo nikiwa mzee. Wakati ule niliona ukuta una nafasi, basi.

Mwaka wa saba baba yangu aliniita Masieda. Ujumbe ulisema nije na mke wangu. Tulipata lori la mahindi mpaka Haydom, tukatembea sehemu iliyobaki. Tulifika asubuhi, tukaamkia wazee. Ndani walikuwa wamekaa baba, mjomba wangu, na kaka yangu mkubwa. Mama yangu alimchukua mke wangu wakakae nje, chini ya dirisha, wachambue maharage. Dirisha lilikuwa wazi. Kila mtu alijua liko wazi.

Mjomba ndiye aliyeanza. Aliuliza habari za kazi, habari za ngano, habari za dizeli, maana miaka ile dizeli ilikuwa ya mgawo na mashine nyingi zilikuwa zimesimama. Kisha akasema, "Tumekuita kwa sababu ya nyumba yako. Miaka saba. Kaka yako ana watano."

Niliinama nikafuta vumbi la safari kwenye viatu.

"Mimi siongei habari ya kuongeza mke," mjomba akasema. "Sisi ni watu wa kanisa. Lakini tunataka kujua. Mmekwenda kwa daktari?"

"Hapana, mjomba."

"Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba niliogopa, na kila nilipoogopa palikuwa na behewa la kumalizia.

Baba yangu alikuwa hajasema kitu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, shida ni ya nani?"

Nje, mlio wa maharage yanayoanguka kwenye ungo ulisimama.

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo ulikuwa ukweli, sikujua. Ningeweza kusema tutakwenda wote wawili tupimwe. Ningeweza hata kusema hilo ni letu. Lakini baba na mjomba walikuwa wananiangalia, na kaka yangu alikuwa anaangalia chini kama mtu anayenionea aibu. Nikasema:

"Labda ni yeye."

Maneno matatu. Mjomba akatikisa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. Walizungumza mengi baada ya hapo: arudishwe kwao apumzike, wazazi wake waelezwe, mchungaji aombwe ushauri. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nasikiliza dirishani, na maharage hayakuanza tena kuanguka.

Njia nzima ya kurudi mke wangu hakusema kitu. Si kwamba alinuna. Mtu alipomsalimia aliitikia, na lori lilipokwama alishuka na wengine tukasukuma. Nyumbani alipika, tukala. Siku ya Jumapili niliweka meza karibu na dirisha kama kawaida, nikafikiri, akikaa, basi yameisha. Akakaa. Alifunga ngazi ya behewa la kumi na tisa, upande wa kushoto, vipandio vyote, polepole. Mimi niligusa lehemu. Alipomaliza akafuta kibanio kwa kitambaa, akakiweka ndani ya boksi la vifaa, akafunga mfuniko.

"Kesho kutwa lori la ngano linapita Katesh," akasema. "Nitapanda."

"Unakwenda kusalimia?"

"Nakwenda nyumbani."

Nilisema mambo mengi, ya maana hakuna. Nilisema maneno ya wazee si yangu. Nilisema watu wasituingilie. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Lile neno ulilosema mbele ya baba yako, ni wewe uliyesema au ni wazee?"

Alingoja. Naapa alingoja, muda mrefu, mikono yake juu ya mfuniko wa boksi. Halafu akainuka akaenda kufua, kwa sababu nguo zake zilitakiwa zikauke kabla ya safari.

Siku ile ya lori nilibeba begi lake mpaka mizani, pale malori yanapopimwa. Mama wa maziwa alikuwa anapita, akamuuliza mke wangu anakwenda wapi, naye akamjibu anakwenda kwao. Akapanda juu ya magunia pamoja na wanawake wengine. Lori liliondoka na vumbi likafunika njia, na mimi nikarudi karakana kwa sababu zamu yangu ilikuwa imeanza.

Upande wa kulia wa behewa la kumi na tisa nilijaribu kuufunga mwenyewe. Nilivunja ngazi nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu. Baada ya mwezi niliyashusha yote kutoka kwenye rafu, nikayafunga kwa magazeti, nikayaweka uvunguni mwa kitanda.

Sitaki kuurefusha muda uliofuata. Nilikaa peke yangu miaka miwili. Kaka yangu na mjomba wakaniletea msichana kutoka kijiji cha jirani, mchapa kazi, anayejua anachotaka. Kanisa halikutufungisha ndoa, maana ya kwanza ilikuwa bado ipo mbele ya Mungu, na mimi nilitengwa meza ya Bwana. Baba yangu alifariki nikiwa bado nimetengwa. Huyu wa pili hakupenda habari za matangi, na mimi sikumwonyesha.

Miaka mitatu ikapita, mtoto hakuna. Yeye hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Alikwenda hospitali mwenyewe, akarudi siku ile ile, akanikuta nakunywa chai, akasema hata kabla ya kukaa: "Nimepimwa. Sina shida. Daktari anakuita wewe."

Nilikwenda. Daktari alikuwa kijana, aliongea taratibu. Alinipima, kisha akaniuliza kama nikiwa kijana niliwahi kuugua matubwitubwi. Nikamwambia ndiyo, nikiwa shule ya ufundi Mbulu, nilivimba mashavu na nikavimba na kwingine, nikalala wiki mbili. Akaandika. Akaniambia basi ugonjwa ule ndio ulioniondolea uwezo wa kuzaa, tangu wakati huo. Kabla ya mke wa kwanza. Kabla hata sijafika Basotu.

Niliporudi nilimweleza mke wangu aliyoyasema daktari. Kisha nikamwambia kuna mtu lazima nimuombe msamaha. Alijua ni nani. Akasema, "Nenda."

Nilikuwa nimesikia kwamba mke wangu wa kwanza anakaa Katesh, na mwanamume aliyefiwa na mke, fundi cherehani. Nilikwenda siku ya mnada, watu wamejaa, ng'ombe wanalia, nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa anachagua vitunguu. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, na mwingine, wa kike, amemshika kanga. Muuza vitunguu alimwita kwa jina la mtoto wake: Mama fulani. Aliitika haraka, bila kufikiri, na nikajua kwamba kuitikia kwa namna ile sikuwahi kumsikia.

Nikasogea. "Habari za siku nyingi."

Akageuka. Hakushtuka sana. "Nzuri," akasema. Akamgusa kichwa yule mtoto wa kike. "Mwamkie."

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mama."

Tulisogea pembeni, karibu na ukuta wa duka, kwenye kivuli. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. Nikamwambia tu, "Nimepimwa. Ilikuwa mimi. Nimekuja kukwambia ilikuwa mimi."

Alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Najua."

"Ulijua baada ya kupata hawa."

"Nilijua mwaka wa tatu." Aliniangalia sasa. "Nilipokwambia nakwenda kwa shangazi, nilikwenda hospitali. Wakaniambia mimi ni mzima, nikulete wewe. Nilirudi nikwambie. Nikakukuta sakafuni na yale magurudumu. Ulikuwa umefurahi sana. Nikasema, kesho. Kesho nikasema, Jumapili."

"Kwa nini hukuniambia hata siku moja?"

"Ungeumia," akasema. "Na mimi nilikuwa sijali sana. Tulikuwa na kazi yetu. Niliona watu wakisema, waseme, sisi wawili tunajua tulivyo." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Hata pale Masieda, nilikuwa nimekaa dirishani nasubiri tu useme hujui. Ungesema hujui, ningekaa na wewe mpaka leo."

Nikamwambia matangi bado ninayo yote. Nikamwambia ni yake, aje ayachukue, au nimletee mimi.

"Nitayaweka wapi?" akasema, na akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. "Huyu atayavunja siku ya kwanza." Kisha akasema vitunguu vitaisha, akaniaga, akaondoka na watoto wake. Nilimsikia akipatana bei kwa sauti yake ileile.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimesamehewa. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nilikwambia siku ileile."

"Ndiyo."

"Sikufikiria hata kukuficha," akasema, kama mtu anayejikagua, akachukua ndoo akaenda kukamua. Hakuniacha. Tumezeeka pamoja, na kwa mambo mengi ni mtu mwema kwangu kuliko ninavyostahili. Shamba la ngano lilikufa polepole, mashine moja baada ya nyingine, na mimi nikafungua karakana ndogo ya kutengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Matangi niliyapeleka shule ya ufundi, wanafunzi wajifunze kazi ndogo ya waya. Sijui kama bado yapo.

Mke wangu wa kwanza alifariki baada ya miaka kadhaa, homa ya siku chache. Nilipata habari kwa dereva wa basi, nikaenda kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, pamoja na wanaume wa kijiji waliokuja kufukia. Wasifu wake ulisomwa: alizaliwa Gitting, aliolewa mara ya kwanza na hakujaliwa watoto, akaolewa mara ya pili akajaliwa wanne. Karibu yangu alikuwa amekaa bibi mmoja mzee. Alitikisa kichwa akamnong'oneza mwenzake, "Kule kwanza alikuwa tasa. Mungu akamfungua."

Nikainama. "Hapana, bibi," nikasema. "Hakuwa tasa. Mume ndiye aliyekuwa na shida."

Alinikazia macho. "Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye yule mume."

Mwenzake akageuka, na wanaume wawili waliokuwa karibu wakageuka. Bibi aliniangalia tangu viatu mpaka kichwani, bila hasira.

"Na mbona unalisema leo?" akauliza.

Kaburini walikuwa wameanza kufukia. Mtu akanipa chepe, akasema ni zamu yangu, nikaenda.